Ndege Uliyemwona ni Nani? Mwongozo Kamili wa Kumtambua Ndege Nairobi

Maswali yanayonifikia kuhusu ndege hufanana sana. "Nimeona ndege mdogo wa manjano hapa Lang'ata, ni ndege gani?" "Kuna ndege mkubwa wa kahawia juu ya nguzo ya stima, je, ni tai?" Anayeuliza amemwona ndege kweli na amefurahi kumwona, ila maelezo aliyoleta hayatoshi. Ndege wadogo wa manjano Nairobi ni wengi, na rangi peke yake haiwatenganishi.

Kinachowashinda watu si kitabu wala simu. Ni mpangilio wa kutazama. Mtu huona rangi, hufungua simu papo hapo, huanza kulinganisha picha, na ndege anaruka kabla mdomo wake haujatazamwa. Kisha picha ya simu inaingia kichwani na kukaa pale palipopaswa kukaa ndege mwenyewe. Mwongozo huu unageuza mpangilio huo: unatazama, unaandika, na jina linakuja mwisho. Ukizifuata hatua hizi kwa utaratibu wake, utashangaa jinsi majina yanavyoanza kuja yenyewe.

## Vitu vya kuwa navyo

Darubini. Tafuta iliyoandikwa 8x42. Namba ya kwanza ni ukuzaji: ndege anaonekana amesogea mara 8. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, nao ndio unaoamua mwanga unaoingia. Usirubuniwe na darubini ya 20x. Kadiri ukuzaji unavyopanda ndivyo mtikisiko wa mkono unavyokuzwa, na eneo unaloliona linakuwa dogo mno kiasi cha kushindwa kumpata ndege mtini. Kama huna, azima. Kama huna pa kuazima, anza bila darubini, kwa sababu nusu ya kazi iliyo hapa chini hufanywa kwa macho matupu.

Daftari dogo na penseli. Penseli huandika hata karatasi ikilowa umande. Wino huchuruzika.

Kitabu cha kutambulia ndege wa Kenya au Afrika Mashariki. Chenye michoro kinafaa kuliko chenye picha, kwani mchoraji huwapanga ndege wanaofanana ukurasa mmoja, wote wakiwa wamekaa mkao mmoja. Kitabu cha Afrika Kusini au cha Ulaya kitakupoteza.

Simu ya kurekodi sauti na kupiga picha. Programu kama Merlin (ya kutambua ndege) na eBird (ya kuhifadhi rekodi) zina manufaa, lakini mahali pake ni kuanzia hatua ya sita, si ya kwanza.

Nguo za rangi iliyofifia, kofia na sweta. Asubuhi za Julai hapa mjini ni baridi kweli, na mtu anayetetemeka hashiki darubini ikatulia.

## Hatua ya 1: Chagua mahali na saa

Nairobi iko karibu na ikweta, kwa hiyo jua huchomoza karibu saa 12:30 asubuhi mwaka mzima. Saa tatu za kwanza baada ya hapo ndizo zenye ndege. Wana njaa, wanaimba, wanatembea hadharani. Ikifika saa 5, jua limekuwa kali, wengi wamejificha kivulini, nawe utatembea kilomita nzima ukisikia wadudu tu. Jioni, kuanzia saa 10, ndege huamka tena kidogo.

Kwa anayeanza napendekeza Arboretum, bustani ya miti iliyo karibu na Ikulu. Ina takriban ekari 75, miti imeachana, na ndege wamezoea watu. Msitu wa Karura ni mkubwa zaidi na una ndege wa msituni halisi, akiwemo tai mwenye taji ambaye huwinda hata kima. Lakini msitu mnene ni mgumu kwa mgeni: unasikia wengi na kuona wachache. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ina kilomita za mraba 117 na sehemu kubwa ni nyika, hivyo humo utawapata mbuni, karani tamba na ndege wengine ambao hawakanyagi Karura hata siku moja.

Mahali pakishajulikana, orodha ya ndege wanaowezekana inapungua. Kenya ina aina zaidi ya 1,000 za ndege, idadi inayomtisha anayeanza. Wanaoweza kukaa juu ya mti mmoja wa Arboretum ni sehemu ndogo sana ya hao.

Jipange jua liwe mgongoni mwako. Ndege aliye kati yako na jua huonekana mweusi hata akiwa wa kijani, na hapo ndipo "ndege weusi" wengi wa ajabu huzaliwa.

Tahadhari. Arboretum inapakana na Ikulu. Usielekeze darubini wala kamera upande huo, wala kwenye kambi na majengo ya usalama popote mjini. Askari akikuuliza unafanya nini, mwonyeshe daftari na kitabu, umweleze kwa upole. Kwenye Hifadhi ya Taifa, usishuke garini ila pale paliporuhusiwa. Karura usitoke kwenye njia, tena nenda na mwenzako. Kima wa Arboretum na City Park hunyakua chakula mkononi, basi kifungie ndani ya begi na usiwalishe.

Utajua umefaulu ukiweza kusimama mahali pamoja kwa dakika kumi na ndege wakaendelea na shughuli zao kana kwamba hupo.

## Hatua ya 2: Wajue wenyeji kwanza

Hatua hii watu huiruka kwa sababu wanaona aibu kumtazama kunguru. Usiiruke. Ukubwa wa ndege mgeni utaupima kwa ndege unayemjua, na kama humjui yeyote huna kipimo. Watazame hawa mpaka uwajue hata wakiwa vivuli:

- Kunguru wa Nairobi, mweusi mwenye kifua na ukosi mweupe.
- Mwewe, ambaye kila mfuga kuku anamjua. Mkia wake una panda katikati, na akiruka huupindapinda huku na huku kama usukani.
- Marabu, korongo mwenye upara aliyejaa kwenye miti ya Barabara ya Mombasa karibu na Uwanja wa Nyayo. Akiruka hukunja shingo, tofauti na korongo wengine wanaoinyoosha.
- Kwarara hadada, wa kahawia mwenye mng'ao wa kijani bawani na mdomo mrefu uliopinda. Ndiye anayepiga kelele juu ya mabati alfajiri.
- Yangeyange, mweupe, anayefuata ng'ombe na mashine za kukata nyasi.
- Shore, wa kahawia mwenye kichwa cheusi. Chini ya mkia ana manjano, na alama hiyo moja inatosha.
- Kuzumburu, kijivujivu, mwenye kishungi na mkia mrefu kuliko mwili. Hutembea kikundi na kuning'inia matawini.
- Shomoro, njiwa wa mjini, chozi wa kwenye maua, na kwera anayesuka viota.

Unaweza kuwajua wote ukiwa kituoni unangoja matatu. Baada ya hapo, mgeni yeyote utampima: ni mkubwa kuliko shomoro lakini mdogo kuliko shore? Anakaribia njiwa? Kipimo hicho kinasaidia kuliko sentimita, kwa sababu hakuna anayeweza kukisia sentimita za ndege aliye juu ya mgrevilia.

Utajua umefaulu pale ndege asiye mmoja wa hawa akipita na ukahisi mara moja kuwa huyu si wa kila siku.

## Hatua ya 3: Itengeneze darubini ifae macho yako

Wengi wanaolalamika kuwa darubini yao ni mbovu hawajawahi kuirekebisha. Kazi hii ni ya dakika tano na hufanyika mara moja tu.

Kwanza, kunja au kunjua mapipa mawili mpaka uone duara moja. Ukiona maduara mawili, au weusi pembeni, bado. Unayevaa miwani shusha mpira wa kwenye jicho, usiyevaa upandishe.

Pili, tafuta kitu chenye maandishi, kwa mfano kibango kilicho mita thelathini hivi. Funga jicho la kulia na uzungushe gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione maandishi yakiwa makali. Sasa funga la kushoto na usiguse tena gurudumu la katikati. Zungusha pete ndogo iliyo kwenye jicho la kulia mpaka maandishi yawe makali vilevile. Angalia alama ya pete ilipokaa, uikumbuke. Kuanzia hapo utatumia gurudumu la katikati pekee.

Tatu, jifunze kumpata ndege. Kosa la kawaida ni kumwona ndege, kushusha macho kuitafuta darubini, kisha kuinua darubini na kuanza kuchambua jani moja moja. Macho yasitoke kwa ndege. Mkazie ndege macho, kisha lete darubini kati ya macho yako na yeye bila kusogeza kichwa. Fanya zoezi hili nyumbani kwa ua, kwa bomba, kwa nguo iliyoanikwa.

Tahadhari. Usilitazame jua kwa darubini hata kwa nukta moja. Linaharibu jicho, na halitapona. Ukimfuatilia mwewe angani, acha kabla hajafika karibu na jua.

Utajua umefaulu ukiweza kumweka shore wa mti wa jirani ndani ya darubini kwa pumzi moja.

## Hatua ya 4: Tazama kwa mpangilio, rangi iwe ya mwisho

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Ndege atakupa labda nusu dakika, na ukiitumia yote kusema "lo, ana rangi nzuri!" atakuwa ameshakwenda.

Ukubwa na umbo. Mlinganishe na wenyeji wako. Mwili ni mnene au mwembamba? Mkia ni mrefu au mfupi? Amekaa wima au amelala juu ya tawi?

Mdomo. Kama una muda wa kutazama kitu kimoja tu, tazama mdomo. Mdomo unasema ndege anakula nini, na chakula kinasema ni wa jamii gani. Mfupi na mnene ni wa kupasua mbegu. Mwembamba na ulionyooka ni wa kuokota wadudu. Mrefu na uliopinda wa ndege mdogo ni wa kunyonya maua. Wenye ncha iliyopinda chini kama ndoana ni wa kurarua nyama.

Anafanya nini. Anarukaruka ardhini au anatembea kwa miguu? Yule mweusi na mweupe anayetembea kwenye maegesho akitikisa mkia hujulikana kwa mwendo wake kabla hujaona chochote kingine. Yuko peke yake, wawili, au kundi? Yuko kileleni, katikati ya mti, au kwenye vichaka?

Rangi, sehemu kwa sehemu. Usiseme "ni wa manjano". Shuka kutoka juu: paji la uso, jicho, shavu, koo, kifua, tumbo, chini ya mkia, kisha mgongo, bawa, mkia, miguu. Rangi ya jicho wengi huisahau, ilhali mara nyingi ndiyo inayomaliza ubishi.

Kwa nini rangi iwe mwisho? Kwa sababu rangi hubadilika, umbo kwa kawaida halibadiliki. Mawingu huififisha, jua la jioni hukipaka kila kitu dhahabu, dume na jike hutofautiana, na vifaranga waliokua huvaa tofauti na wazazi. Kwenye nyasi ndefu za Hifadhi ya Nairobi, baada ya mvua, utaona ndege weusi ti wenye mikia mirefu wakirukaruka wima juu ya nyasi, wanashuka, wanaruka tena: hao ni madume wa aina iliyopewa jina la Jackson, wanatafuta majike. Msimu ukiisha, madume haohao wanageuka kahawia wenye michirizi, huwezi kuwatofautisha kirahisi na majike. Aliyeshika rangi pekee atadhani ndege wale wamehama.

Mfano wa karibu. Kwenye eneo la kupumzikia la Hifadhi, ndege anakuja chini ya meza kuokota makombo. Ni wa ukubwa wa shore hivi, anatembea kwa ujasiri, mdomo umenyooka na ni mweusi, mgongo wa buluu inayong'aa, tumbo la rangi ya kutu. Ni kwezi, hilo halina shaka. Lakini makwezi wawili wana maelezo hayohayo. Tazama kifuani, pale buluu inapokutana na kutu: kuna ukanda mwembamba mweupe? Tazama jicho: ni jeupe? Ukanda upo na jicho ni jeupe, basi ni kwezi maridadi. Ukanda haupo na jicho ni jekundu, ni yule wa Hildebrandt. Tena kuna la kuongeza: kwezi maridadi mchanga ana jicho jeusi, kwa hiyo jicho likikutatiza rudi kwenye ukanda. Alama mbili daima, si moja.

Utajua umefaulu ndege akiruka na ukaweza kujibu bila kukisia: mdomo wake ulikuwaje?

## Hatua ya 5: Andika kabla hujafungua kitabu

Ndege ameruka. Mkono unakwenda kwenye simu. Uzuie. Fungua daftari.

Sababu yake ni hii: ukiona picha ya kitabuni kwanza, kumbukumbu yako inabadilika ili ilingane na picha. Utaapa uliona mstari juu ya jicho, kumbe mstari umeuona kwenye ukurasa. Maandishi yaliyotangulia picha ndiyo shahidi wako wa pekee.

Andika tarehe, saa, mahali, hali ya hewa, na uliyoyaona kwa mpangilio wa hatua ya nne. Kitu ambacho hukukiona, andika "sikuona". Maneno hayo ni ya thamani, maana yanakuzuia kukijaza baadaye. Chora pia. Yai moja la mwili, yai dogo la kichwa, mdomo, mkia, kisha mishale yenye maneno. Mchoro mbaya unafaa kuliko aya nzuri.

Maandishi yanayofaa huwa hivi: "Arboretum, saa 1:40 asubuhi, mawingu. Ukubwa wa shomoro au zaidi kidogo. Mdomo mweusi, mnene kiasi, wenye ncha. Jicho la manjano hafifu. Paji la manjano, weusi kuzunguka jicho. Chini yote manjano. Mgongo mweusi. Wawili, kwenye kichaka, wanachambua majani. Miguu sikuona."

Kwa maandishi hayo mtu yeyote anayejua ndege atakujibu mara moja.

Utajua umefaulu ukimsomea mwenzako maandishi yako naye akaweza kumchora ndege.

## Hatua ya 6: Sikiliza, kisha rekodi

Kwenye miti minene sikio linafanya kazi kuliko jicho. Anza na tetere, kwani wako kila mahali na majina yao yamo kwenye sauti.

Tetere mwenye jicho jekundu ni mkubwa, ana nusu ukosi mweusi nyuma ya shingo, na wimbo wake una silabi sita zenye mapigo, unarudiwarudiwa. Tetere wa pili ana ukosi uleule, lakini jicho ni jeusi, pembe za mkia ni nyeupe, na wimbo ni wa silabi tatu tu, hauchoki kutwa nzima. Huyu anapenda upande mkavu wa mbuga. Wa tatu hana ukosi kabisa, kifuani ana madoadoa, na sauti yake ni kicheko cha chinichini. Kwa jicho, wote watatu ni "njiwa wa kijivu". Hesabu silabi, umemaliza.

Andika sauti kwa silabi zako mwenyewe, ilimradi utazisoma kesho. Kisha rekodi kwa simu: simama, nyoosha mkono kuelekea kwa ndege, nyamaza, ngoja. Hata dakika nusu inatosha. Sasa unaweza kutumia programu ya kutambua sauti, lakini jibu lake ulichukue kama pendekezo la rafiki. Hujamtambua mpaka umemwona, au umsikie mara nyingi mpaka ukawa na hakika mwenyewe.

Tahadhari. Usimchezee ndege rekodi ya sauti yake ili atoke. Anadhani mpinzani ameingia kwake; anaacha kula, anaacha kiota, anazunguka kumtafuta adui ambaye hayupo. Msimu wa viota madhara yake ni makubwa. Mimi sioni picha yoyote inayostahili gharama hiyo.

## Hatua ya 7: Punguza majina mpaka libaki moja

Sasa fungua kitabu, ila usianzie ukurasa wa kwanza. Anza na jamii, kisha mahali, kisha msimu, kisha wanaofanana.

Turudi kwa yule "ndege mdogo wa manjano". Mdomo unakata shauri la jamii. Mdomo mwembamba, mwili mdogo sana wa kijani-manjano, na duara jeupe kuzunguka jicho: ni wa jamii ya jicho-jeupe, na mara nyingi huja kikundi. Mdomo mfupi mnene na ndege anapasua mbegu za magugu: chiriku. Mdomo mrefu uliopinda: chozi, labda jike, kwani majike wa chozi wengi hawana mng'ao. Mdomo mnene wenye ncha na ndege ni mkubwa kidogo kuliko shomoro: kwera.

Tukishafika kwa kwera, bado hatujamaliza, maana Nairobi ina kwera kadhaa. Tazama mgongo na viota. Mgongo mweusi mtupu, chini manjano, viota vya mmoja mmoja visivyo kwenye kundi: ni kwera Baglafecht, yule wa kwenye maandishi ya hatua ya tano, na ndiye wa kawaida kabisa kwenye bustani za mjini. Jike wake hana paji la manjano, juu ya kichwa chake ni peusi. Mgongo wa manjano wenye madoa meusi, uso mweusi, jicho hafifu, na mti mzima umejaa viota na makelele: ni kwera wa Speke. Mstari mwembamba mweusi unaopita jichoni kama miwani, na kiota chenye bomba refu linaloning'inia: ni kwera-miwani, dume lake lina weusi kooni, jike halina.

Umeona mpango ulivyo? Kila swali limeondoa kundi zima.

Ndege wa nguzo na wa angani. Hawa ndio wanaoulizwa zaidi, basi nitakaa hapa kidogo. Mtu akiona ndege mkubwa mwenye kucha husema tai. Angani, tazama mkia kwanza. Una panda katikati: mwewe. Ni mfupi, wa rangi ya kutu, na chini ya mabawa ni peupe: huyo ni yule wanaomwita augur, wa kawaida juu ya mashamba na miinuko. Wapo augur weusi tumboni pia, ila mkia wa mtu mzima hubaki wa kutu. Juu ya nguzo kando ya barabara, ndege mweusi mwenye kishungi kirefu kinachopeperushwa na upepo ni tai ushungi, na akiruka utaona mabaka meupe kwenye mabawa. Juu ya Karura, mabawa mafupi mapana, mkia mrefu wenye mistari: tai mwenye taji. Mabawa yake ni mafupi kwa sababu huwinda katikati ya miti, si uwanjani.

Msimu. Kuanzia karibu Oktoba hadi Aprili, Nairobi hupokea wageni kutoka Ulaya na Asia. Mbayuwayu mwenye koo jekundu na ukanda wa buluu kifuani ni mmoja wao. Ukidhani umemwona Julai, rudi kwenye maandishi yako, maana kuna mbayuwayu wenyeji wanaofanana naye.

Tahadhari. Jina la nadra lishuku. Likija kichwani jina la ndege ambaye kitabu kinasema yuko Turkana tu, basi karibu kila mara ni ndege wa kawaida aliyeonekana vibaya, au jike, au mchanga.

Utajua umefaulu ukiweza kusema jina pamoja na alama mbili zinazomthibitisha, na umtaje anayefanana naye na kwa nini si yeye.

## Hatua ya 8: Hifadhi rekodi, na asiyejulikana mwache hivyo

Wapo ndege watakaokataa. Waandike kwa kadiri ulivyofika: "kwera, aina haijulikani", "mwindaji, mkia mrefu, alikuwa dhidi ya jua". Rekodi ya namna hiyo ni ya kweli na inafaa. Jina la kubahatisha likiingia kwenye orodha linawapotosha wanaofanya utafiti wa nani yuko wapi.

Picha husaidia hata ikiwa mbovu. Usingoje ndege ageuke vizuri. Piga mara moja akiwa mbali, kisha sogea. Unaweza kuweka lenzi ya simu kwenye jicho la darubini ukapata picha ya kutosha kuonyesha mdomo na mkia. Asogee yeye, usimfuate mpaka kwenye kiota, na mahali pa kiota usipachapishe.

Rekodi zenye uhakika zitume Kenya Bird Map au eBird. Kwa njia hiyo asubuhi yako ya Arboretum inaingia kwenye ramani inayoonyesha ndege wa nchi hii wanavyosambaa na wanavyopungua.

Kwa wale waliokataa, nenda na daftari kwenye matembezi ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, shirika la uhifadhi wa mazingira, yanayoanzia Makumbusho ya Taifa. Fleur Ng'weno aliyaanzisha mwaka 1971 na bado yanaendelea. Usiulize "ni ndege gani wa manjano?" Soma maandishi yako kama yalivyo, mdomo kwanza. Ukiulizwa jambo ambalo hukuliona, sema hukuliona, na uliandike kuwa la kutazama mara nyingine.